Kuandikiwa mpango wa masomo wa Canada kwa shilingi 18,000: tathmini ya ofisi moja ya katikati ya jiji

Ofisi ninayoitathmini iko ghorofa ya tatu ya jengo moja kando ya Moi Avenue, na kazi yake, kama bango la mlangoni linavyojieleza, ni kuwaandalia wanafunzi maombi ya viza za Canada, Uingereza, Australia na Ujerumani. Jina lake naliacha, kwa sababu ofisi za namna hii zimejaa mjini na kasoro nitakazozieleza haziko kwake peke yake. Mpwa wangu alihitaji huduma moja tu, yaani kuandikiwa mpango wa masomo wa kuambatanisha na ombi la kibali cha masomo cha Canada. Kwa hiyo tulikikataa kifurushi kizima cha shilingi 60,000, tukalipia mpango peke yake kwa shilingi 18,000, nusu kabla ya kazi na nusu baada ya kukabidhiwa.

Kwa asiyeifahamu hati hii, ni barua ya kurasa mbili hivi ambamo mwombaji anamweleza afisa wa uhamiaji kwa nini ameichagua kozi ile na chuo kile, kwa nini hakusomea nyumbani, nani atalipa, na atafanya nini akishahitimu. Uzito wake unatokana na kanuni za uhamiaji za Canada, ambazo zinamtaka afisa aridhike kwamba mwanafunzi ana fedha za kutosha na kwamba ataondoka muda wake wa kukaa utakapokwisha. Maombi hutumwa mtandaoni, na mwombaji huitwa tu kuchukuliwa alama za vidole na picha katika kituo cha hapa Nairobi. Kwa kawaida afisa anayeamua haonani naye ana kwa ana, na hivyo barua hiyo ndiyo nafasi pekee ya mwombaji kujieleza kwa sauti yake mwenyewe.

Rasimu ya kwanza ilikuja haraka kupita kiasi. Ilikuwa na Kiingereza cha kujivuna, ikaisifu Canada kwa elimu bora na kwa jamii yenye tamaduni nyingi, ikaeleza kwamba mwombaji ni kijana mwenye ari ya biashara. Mpwa wangu ana shahada ya sayansi na teknolojia ya vyakula na anafanya kazi katika maabara ya kiwanda cha maziwa upande wa Kiambu. Biashara haijui wala haitaki kuijua. Chuo chake kiko mkoa wa Ontario, lakini aya ya pili ilitaja mji ulio katika mkoa mwingine, British Columbia. Rasimu ile ilimkaa kama koti la mtumba la soko la Gikomba lililoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine, na sina shaka kwamba waliolivaa kabla yake ni wengi.

Lililonitia wasiwasi zaidi ni sentensi ya mwisho, iliyomwapisha kwamba maishani mwake kamwe hatakuwa na nia ya kuhamia Canada. Kiapo hicho hakidaiwi na yeyote. Sheria ya uhamiaji ya Canada, kifungu cha 22(2), inakubali wazi kwamba mtu anaweza kuwa na nia ya kuwa mkazi wa kudumu siku za usoni na bado akaruhusiwa kuingia kwa muda, mradi afisa aridhike kwamba ataondoka muda aliopewa ukiisha. Afisa anayesoma kiapo kilekile katika kila barua itokayo ofisi moja hawezi kukipa uzito wowote.

Tuliirudisha rasimu, na hapo ndipo ofisi hii ilipoonyesha uwezo wake. Tulihamishiwa kwa mshauri wao wa makamo, mama mmoja mpole wa sauti lakini asiyeachia swali likapita. Alifunga kompyuta, akachukua kalamu. "Msichana wangu, una digrii tayari, na hii kozi ni ya cheti cha mwaka mmoja. Kwa nini unashuka?" Mpwa wangu alijibu kwa maneno ya jumla, mama akamkatiza kwa upole na kumuuliza tena anafanya nini hasa kazini siku ya Jumatatu asubuhi.

Basi akaeleza. Malori huleta maziwa alfajiri, na kabla hayajapokelewa hupimwa mafuta, maji yaliyoongezwa na mabaki ya dawa za mifugo. Ng'ombe akilishwa chakula chenye ukungu, sumu hupita mwilini mwake ikatokea kwenye maziwa kama aflatoksini M1, na kuyachemsha hakuiondoi. Chuo kikuu kilimfundisha kemia na mikrobiolojia ya kutosha kuipima sumu hiyo, lakini hakikumfundisha kwa kina kupanga mfumo wa usalama wa chakula wa kiwanda kizima wala kuukagua. "Mimi napima, ila anayetia sahihi ripoti ya ukaguzi ni mtu mwingine," alisema. Mama akaacha kuandika, akamwambia, "Hiyo ndiyo aya yako ya kwanza."

Aya hiyo sasa inaanza na meza ya kupokelea maziwa, inapitia uamuzi wa shirika la viwango la Kenya, KEBS, wa Novemba 2019 wa kupiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini, na inaishia kwa kazi anayoikusudia atakaporudi, huku barua ya mwajiri ikiambatanishwa. Swali la kushuka kutoka digrii hadi cheti, ambalo huwaangusha waombaji wengi, limejibiwa bila kutetewa kwa kelele.

Upande wa fedha ofisi ilichanganya mazuri na mabaya. Orodha yao ya viambatisho ilikumbuka barua ya uthibitisho ya mkoa, yaani barua ya mkoa kilipo chuo inayoonyesha kwamba mwanafunzi yumo katika mgao wake, ambayo Canada ilianza kuidai Januari 2024 ilipoweka kikomo cha idadi ya wanafunzi wa kigeni. Hata hivyo, sampuli yao bado ilitaja dola 10,000 za kujikimu, kiwango kilichoachwa mwisho wa 2023. Tangu tarehe 1 Septemba 2025 mwanafunzi asiye na familia anatakiwa kuonyesha dola za Canada 22,895 kwa mwaka, mbali na karo na nauli. Mama mshauri alisisitiza, na alikuwa sahihi, kwamba fedha zilizoingia kwa mkupuo katika akaunti ya shemeji yangu zielezwe kwa mkataba wa mauzo ya ploti na taarifa ya sacco. Kijana wa meza ya pili naye alitunong'oneza kwamba akaunti inaweza "kujazwa" kwa muda kwa ada ndogo. Huo ni udanganyifu, na adhabu yake ni kuzuiwa kuingia Canada kwa miaka mitano. Ofisi inayomwachia mfanyakazi wake atoe pendekezo hilo mezani inastahili kupunguziwa alama nyingi.

Niliuliza pia nambari ya usajili. Kifungu cha 91 cha sheria hiyohiyo kinawaruhusu mawakili, mathalani, na washauri waliosajiliwa na chombo cha Canada kinachosimamia washauri wa uhamiaji, kulipwa kwa kushauri au kumwakilisha mwombaji, na sajili ya washauri iko wazi mtandaoni kwa yeyote kuipekua. Nilichoonyeshwa ni leseni ya biashara ya kaunti na cheti cha ushirikiano na chuo kimoja, vyote ndani ya fremu nzuri.

Kwa wanaoelekea Australia sioni sababu ya kulipa kiasi hicho: tangu Machi 2024 mwombaji hujibu maswali mafupi kwenye fomu yenyewe, kila jibu lisizidi maneno 150.

Alama zangu ni tatu kati ya tano, na zote tatu ni za yule mama. Anayekwenda pale aombe kuhojiwa naye kwanza, aandike rasimu kwa mkono wake, kisha awalipe kwa kuihariri. Kwa kazi hiyo walikuwa tayari kushuka hadi shilingi 8,000. Akaunti ya maombi aifungue mwenyewe kwa barua pepe yake, kwa maana ofisi ilitaka kutumia ya kwao, na barua ya kukataliwa ikitumwa huko mwombaji anaweza asiione kamwe. Ada za serikali ya Canada, dola 150 za kibali na 85 za alama za vidole, hulipwa moja kwa moja mtandaoni kwa kadi.