Mlango unaozama ukutani kwenye bafu dogo: uzoefu wangu

Kama bafu lako ni dogo na unawaza kufunga mlango wa kusukuma kando unaozama ndani ya ukuta, anza na ukuta. Mlango wenyewe ndio sehemu nyepesi ya kazi. Nimeufunga nyumbani kwetu Dar es Salaam, umepita masika nzima, na ninaupenda kwa dhati. Hata hivyo siwezi kumwambia kila mtu aufunge.

Sisi tuliufunga kwa ajili ya mama, ambaye sasa anatembea kwa kushikilia fremu ya chuma. Bafu letu ni kama mita moja na nusu kwa mbili na kitu, na mlango wa zamani ulifungukia ndani. Mama akiingia na fremu yake hana pa kugeukia mpaka mlango ufungwe, na mlango nao haufungiki mpaka ageuke. Lililoninyima usingizi zaidi ni hili: mtu akianguka ndani ya bafu la namna hiyo, mwili wake ndio unaouzuia mlango, na wa nje abaki anasukuma tu.

Njia ya bei nafuu ni kuugeuza mlango ufungukie nje, na kwa nyumba nyingi hiyo inatosha kabisa. Kwetu korido ni nyembamba na mlango wa chumba cha watoto uko palepale ubavuni, ingekuwa kugongana kila asubuhi. Ule wa plastiki wa kukunja niliukataa mapema, kwani hauwezi kumhimili mtu anayeyumba akauegemea. Ukabaki wa kuteleza nje ya ukuta, reli ikionekana. Huo ni rahisi kufunga na rahisi kutengeneza, ila unaacha upenyo kati yake na ukuta, na harufu ya choo ingefika hadi sebuleni. Halafu ukuta wetu wa nje una swichi na kabati.

Basi tukarudi kwenye ukuta. Mlango unaozama unahitaji nafasi karibu mara mbili ya upana wake, maana lazima upate pa kupita na pa kujificha. Tulitaka wa sentimita 80 ili fremu ya mama ipite bila kukwaruza mikono yake. Fundi mwashi akapima, akanitazama: “Dada, mlango ni wa sentimita themanini, lakini hapa nabomoa mita moja na sabini.” Na ukuta wenyewe ni wa tofali za inchi sita, umebeba paa. Ikabidi kuegeshwe miti, imwagwe linta mpya, yaani boriti ya zege, juu ya uwazi wote, bomba la shawa lihamishwe, na waya wa swichi uzungushwe. Hapo ndipo pesa zilipokwenda.

Upande wa mfuko, pale mlango unapojificha, ni kiunzi cha chuma kilichofunikwa, korido kwa jipsam ya kijani inayovumilia unyevu, bafuni kwa bodi ya saruji na vigae. Skrubu zake ziwe fupi. Moja tu ikitokeza kwa ndani itaukwaruza mlango kila ukipita, na wewe huioni. Seremala wetu aliingiza mkono na tochi, akapapasa skrubu moja moja kabla ya kufunga bodi ya mwisho, na nilimheshimu kwa hilo. Ujue pia kwamba upande huo hautundikiki kitu kizito. Vishikio vya mama vya kujishikilia tulivifunga kwenye ukuta wa tofali karibu na choo. Kama ukuta wako wa tofali wa kufungia vishikio ndio huohuo unaotaka kuubomoa, acha.

Mlango unaning'inia kwenye reli ya juu, chini hakuna kizingiti, fremu ya mama inapita bila kunyanyuliwa. Chagua reli ya alumini inayoweza kuchomolewa bila kuvunja ukuta, kwa sababu rola zitachoka siku moja, na hewa ya pwani haina huruma na chuma cha kawaida. Kitasa kiwe cha ndoano, kinachofunguka kwa nje wakati wa dharura.

Mshiko wa kuzama ulimshinda mama, vidole vyake vimekakamaa. Tukaweka wa kutokeza. Sasa mlango hauzami wote na tumepoteza sentimita kama nane za upana, lakini anafungua na kufunga mwenyewe, na kwangu hiyo ndiyo hesabu yenye maana. Sauti bado inapenya kuliko mlango wa bawaba, tumeizoea.

Bafu la wageni lina mlango uleule wa kufungukia ndani. Huko nje kuna nafasi, hivyo fundi atahamisha bawaba tu.