Dhahabu ya Yukon: karai la mtoni au udongo wa mlimani?

Mwaka 1896 mchanga wa kijito ndio uliofichua dhahabu ya Klondike, sehemu ya jimbo la Yukon, kaskazini mwa Kanada. Kuosha mchanga kwa karai ni rahisi, na kijito kimoja hukusanya habari za bonde zima. Ila chembe zimeshasafiri. Mwamba zilikotoka bado unausaka.

Kupima udongo ni kazi nzito: helikopta, kekee ya mkono, ardhi iliyoganda, vifuko vya sampuli kwa mamia. Hata hivyo ninaegemea huku. Klondike haikufunikwa na barafu ya kale, hivyo udongo umebaki karibu na mwamba wake, na aseniki, kemikali ya udongoni ambayo mara nyingi huandamana na dhahabu, hudokeza dhahabu isiyoonekana kwa macho. Mtafuta madini Shawn Ryan aliifikia White Gold, eneo la dhahabu huko Yukon, kwa njia hiyo. Palipopita barafu, udongo umehamishwa. Hapo ningeanzia mtoni.