Mkutano wa Jumamosi kwa wenye lupasi na baridi yabisi, Kampala: tathmini baada ya mwaka mmoja

Kwa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikihudhuria mkutano wa kila mwezi wa watu wanaoishi na lupasi, baridi yabisi na magonjwa mengine ambayo kinga ya mwili humgeuka mwenyewe na kumshambulia. Hufanyika Jumamosi ya kwanza ya mwezi, katika ukumbi wa kukodi upande wa Mengo. Jina la kikundi sitalitaja, kwa kuwa nina mambo ya kukilaumu na wenyewe hawapo hapa kujitetea. Kiingilio nilipoanza kilikuwa shilingi 10,000, na ndani yake mna chai, maandazi, kupimwa uzito, shinikizo la damu na mkojo, pamoja na daftari ambalo kila mgeni hupewa siku ya kwanza. Nimekosa mikutano miwili tu, na yote kwa sababu ya lupasi yangu.

Nianze na lawama, maana ndizo zinazompokea mtu kabla hajafika mlangoni. Mkutano huanza saa saba mchana. Asiyeijua lupasi ataona hiyo ni saa kama saa nyingine, lakini mwanga wa jua, hasa miale yake ya urujuanimno, ni miongoni mwa mambo yanayojulikana sana kwa kuuamsha ugonjwa huu: ngozi ya mashavuni huwaka, maungo hukaza, na uchovu hukulaza siku tatu. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa saa zetu jua hufika utosini si saa sita kamili bali kama saa saba kasoro dakika kumi. Kwa hiyo waandaaji, bila kukusudia, wamechagua saa ambayo hata mbuzi hutafuta kivuli. Kutoka kituo cha taksi hadi ukumbini ni mwendo wa kupanda usio na mti hata mmoja, na siku moja niliwahesabu wenzangu kumi na mmoja wakiupanda chini ya miavuli myeusi kama watu waendao mazikoni. Ukishafika, ukumbi uko orofa ya pili na lifti hakuna, ilhali karibu nusu ya wanachama wana baridi yabisi ya magotini. Nilipouliza, nikaambiwa kwamba kodi ya juu ni nafuu na kwamba asubuhi ukumbi huwa na wenyewe. Sababu hiyo naielewa. Magoti ndiyo hayaielewi.

Sasa nieleze kwa nini bado napanda ngazi hizo.

Anayeliongoza kundi ni muuguzi mstaafu ambaye wote, hata wanaomzidi umri, humwita Senga, kwa maana ya shangazi anayemfunda binti mambo ambayo mama hawezi kuyasema. Huwa ameketi kando ya dirisha, mezani pake pana mizani, mashine ya shinikizo la damu na kopo la vijiti vya kupimia mkojo. Hakuulizi kwanza unaumwa wapi. Hukuuliza, "Povu la mkojo linakaaje?" Mara ya kwanza niliona haya, kisha nikaelewa. Lupasi inaweza kuzila figo bila kukuuma popote, na dalili ya mwanzo mara nyingi huwa ni protini inayovuja katika mkojo, ambayo jicho huiona kama povu lisilotaka kuondoka, au shinikizo la damu linalopanda polepole bila sababu ya wazi. Mwezi wa tano nilifika ukumbini nikijiona mzima kabisa. Senga alikichovya kijiti, akakiinua hadi kwenye mwanga wa dirisha na kukilinganisha na rangi zilizo kwenye kopo, na kile kijisanduku kilichopaswa kubaki cha manjano kikawa kijani mbele ya macho yetu. Hakusema neno la kunitisha. Aliandika tarehe na kipimo katika daftari langu, akaweka alama ya kalamu nyekundu, akaniambia Jumatatu asubuhi nisiende shuleni ninakofundisha bali niende kwa daktari nikiwa na daftari mkononi. Nilikwenda, vipimo vya maabara vikathibitisha, na matibabu ya figo yakaanza kabla miguu haijavimba. Wapo miongoni mwetu waliochelewa, ambao leo husafishwa damu kwa mashine, na hao ndio wanaosisitiza kuliko wote kwamba kijiti kile kisirukwe.

Daftari lenyewe ni la kawaida, la kurasa 96, lililopigwa mistari kwa mkono: uchovu, maungo, vidonge, mkojo, jua, usingizi. Mimi ni mwalimu, na madaftari yaliyojazwa kwa ajili ya kumfurahisha mkaguzi nayajua, kwa hiyo nilikuwa na mashaka. Mashaka hayo yaliniondoka siku Senga alipolifungua la kwangu na kuona kwamba nimepungua hadi kilo 60, huku bado nikimeza vidonge viwili vya haidroksiklorokwini vya miligramu 200 kila siku, kama nilivyoandikiwa nilipokuwa na kilo 81. Dawa hiyo, ambayo ni ndugu wa klorokwini tuliyokunywa utotoni kwa ajili ya malaria, ndiyo nguzo ya matibabu ya lupasi, lakini ikizidi kipimo kwa miaka mingi huweza kudhuru sehemu ya nyuma ya jicho, na madhara hayo hayarudi nyuma. Ndiyo maana wataalamu hushauri isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na macho yapimwe mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, au mapema zaidi kwa mwenye matatizo ya figo. Kwa uzito wangu hiyo ni miligramu 300. Senga hakunibadilishia chochote, na hilo nalisifu. Aliiandika hesabu, akanituma nayo kwa daktari, naye akaniwekea kidonge kimoja leo na viwili kesho.

Mwanamume katika kundi letu ni mmoja tu, jambo lisiloshangaza, kwani kati ya wagonjwa kumi wa lupasi tisa hivi ni wanawake. Ni kijana wa bodaboda, yaani kazi yake ni jua tupu. Alikuja na uso uliojaa kama andazi kwa sababu ya prednisoloni, dawa ya homoni ya kutuliza kinga, na wateja walikuwa wakimtania kuwa ameshiba, basi akaamua kuiacha dawa siku moja kwa ghafla. Siku ya nne alianguka na pikipiki yake stendi. Alipotusimulia, Senga alimwambia, "Mwanangu, dawa hii huirukii dirishani. Unashuka nayo ngazi moja moja, na daktari amekushika mkono." Kisha akaeleza kwamba mwili ukishazoea kuletewa homoni hiyo kutoka nje, tezi zilizo juu ya figo huacha kuitengeneza, na huhitaji muda kuamka tena. Kijana alikuwa akiuliza maswali huku akizungusha kofia yake ya chuma mapajani. Sasa huvaa mikono mirefu na glavu, na hufanya kazi kuanzia saa kumi na mbili jioni. Anasema malipo ya usiku si mabaya, ila mbwa ni wengi.

Upande wa jamii ndio ambao sikuutarajia. Mimi, kama wengi pale, nilianza kwa kutibiwa malaria. Homa, viungo kuuma, kichwa. Kipimo kinasema hakuna vimelea, na bado unaondoka na dawa ya malaria. Katika zahanati moja nilitibiwa hivyo mara tano. Nywele zilipoanza kukatika na uzito kushuka, majirani waliokumbuka miaka ya themanini wakaanza kunong'ona neno siliimu, yaani UKIMWI, na mama mmoja akaacha kuazima sufuria zangu. Lupasi haiambukizi, si kwa kikombe wala kwa kitanda, lakini kulisema hilo peke yako uani ni kama kumpigia zeze kobe. Kikundi hutenga mkutano mmoja katika mwaka kwa ajili ya wenzi na ndugu. Mume wangu alikuja akiwa amenuna, akaketi karibu na mlango, akamsikiliza mwanamke mwenye baridi yabisi akieleza jinsi alivyokaa na njaa nyumbani peke yake, chupa ya siagi ya karanga mezani, kwa sababu vidole havikuweza kuzungusha kifuniko. Njiani hakusema kitu. Lakini tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, hupita jikoni na kulegeza vifuniko vyote, vya chupa, vya makopo, hata vya dawa, kisha huvirudishia juu juu.

Suala la lugha halijatatuliwa vizuri. Wataalamu waalikwa huzungumza Kiingereza, Senga hutafsiri kwa Kiganda, na sisi wa Kiswahili hukaa benchi la nyuma: mama wa Kinubi anayetoka Bombo, dada wa Kikongo anayeishi Kisenyi, mke wa askari, nami ninayewanong'onezea. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini uamuzi huo haujapanda hadi orofa yetu ya pili. Natafsiri kwa furaha, ila mtu mmoja anayenong'ona hawezi kuifikisha kila nukta ya dozi, na katika dawa kosa la nukta si dogo. Methotreksati, kwa mfano, wenye baridi yabisi huimeza mara moja kwa wiki, na anayedhani ni kila siku hujitia hatarini kweli. Mwezi uliopita niliandika neno "WIKI" kwa kalamu nene kwenye pakiti ya yule dada wa Kikongo, nikamtajia na siku yake, Alhamisi.

Vitafunio navyo vingeweza kurekebishwa bila gharama: chai yenye sukari na maandazi, kwa watu ambao nusu yao wanameza dawa inayopandisha sukari ya damu, ni ukarimu uliokosea njia. Ndizi na karanga zingetosha.

Lawama yangu kubwa, hata hivyo, ni muuza dawa ya mitishamba ambaye alikuwa na meza yake mlangoni kuanzia mwezi wa pili. Chupa ya kijani shilingi 45,000, na karatasi inayosema kwamba dawa hiyo huongeza kinga na kuponya kabisa. Sina ugomvi na mitishamba. Bibi yangu alituponya matumbo kwa majani. Lakini sisi kinga haijapungua, imekosa adabu, na anayeahidi kuiongeza anaahidi kumtilia mafuta mwenye nyumba inayoungua. Isitoshe, hakuna aliyeweza kunieleza ndani ya chupa mna nini, na mwenye figo zinazougua hawezi kuyakubali majibu ya namna hiyo. Nilimweleza Senga faraghani. Aliinama, akaniambia ukweli ambao nilimheshimu kwa kuusema: yule bwana huchangia kodi ya ukumbi. Nilipendekeza tuongeze kiingilio hadi shilingi 12,000, wanachama wakapiga kura kwa mikono, wengine wakiinua kiwiko tu kwa kuwa bega halipandi, na pendekezo likapita.

Meza ya mlangoni imeondolewa. Jumamosi iliyopita niliikuta orofa ya kwanza, kwenye kona ya ngazi, pale pale tunaposimama kupumzisha magoti.