Spina za trauti za bei ya chini: bati safi, ndoana takataka

Hili hapa ndilo boksi mlilolipigia kelele kwenye maoni. Spina thelathini, yaani vyambo vya chuma vyenye bati linalozunguka vikivutwa majini, za kuvulia samaki aitwaye trauti, rangi zote za harusi, mfuniko wa plastiki unaoonyesha ndani, na juu yake ahadi kubwa kubwa ambazo sitawasomea maana nitaanza kupiga kelele mapema. Jina la muuzaji silitaji. Boksi hilihili utalikuta mtandaoni likiuzwa kwa majina chungu nzima, hivyo jina halitakusaidia. Nimelikasirikia, na nitawaonyesha kwa nini, tena polepole. Msiondoke.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza, karibu. Hapa tunavua maji baridi: Aberdare, Mlima Kenya, na mabwawa ya wakulima upande wa Timau na Nanyuki. Ndugu zangu wa Mombasa na Unguja mnaovua nguru, kaeni pia, kuna la kwenu mbele.

Uzito, urefu, rangi ngapi, hayo yote yako kwenye tangazo. Naruka.

Tuanze na karai. Nimejaza maji, nimefunga spina moja ndogo hapa, hii ya fedha. Tazama. Naivuta taratibu, taratibu sana, mwendo wa konokono... imeanza! Umeona bati lilivyoanza kuzunguka papo hapo? Narudia, kijana wa kamera sogea. Pale. Spina mbovu utaijua hapa: unaivuta, bati limelala, limeganda kwenye waya, mpaka uikimbize ndipo liamke. Na trauti kwenye maji ya baridi kali hana haja ya kukimbizana na kitu. Anataka kitu kinachopita karibu na mdomo kwa mwendo wa kivivu huku kikitetemesha maji. Hii inatetemeka. Naisikia mpaka kwenye kidole. Kwa hiyo bati nalipa haki yake, na nasema hivi nikiwa nimekunja uso.

Sasa weka kando yake hii ya Kifaransa, Mepps Aglia. Mtu aliyeibuni alikuwa injinia, André Meulnart, mwaka 1938, na hizi za boksi ni wajukuu wake wa pembeni, umbo ni lilelile la bati la mviringo. Kuna kisa chake Marekani nakipenda. Todd Sheldon, mwenye duka la vifaa vya uvuvi huko Wisconsin, siku moja ya 1951 alikuwa Wolf River na samaki wamemgomea kabisa. Akakumbuka ana spina ndogo ya Kifaransa aliyopewa na askari aliyerudi kutoka vitani Ulaya. Akaifunga, akavua trauti wanne wakubwa, na baadaye akawa ndiye mwagizaji wa spina hizo kwa Marekani nzima. Askari naye, inasemekana, aliendelea kuzipata kwa mama mmoja wa Kifaransa kwa kubadilishana na soksi za nailoni. Soksi kwa spina! Leo mimi nimetoa mia saba kwa moja, na hakuna mtu aliyetaka soksi zangu.

Haya, tumefika kwenye hasira yangu. Ndoana.

Kila spina humu imefungwa ndoana ya ncha tatu. Nachukua moja bila kuchagua. Jaribio la kwanza ni la ukucha. Unaweka ncha juu ya ukucha wa kidole gumba, unaivuta kidogo bila kukandamiza. Ndoana kali inang'ata, inakwama palepale. Hii... inateleza. Inateleza tena. Ncha ya pili inateleza. Ya tatu imejitahidi kidogo, imeacha alama, hongera zake. Kwa kulinganisha, hii ni ya Mustad, Wanorwe, watu waliotengeneza ndoana tangu karne ya 19. Naiweka... imekwama. Haisogei. Sijatumia nguvu hata kidogo, na ukucha wangu ni uleule.

Jaribio la pili. Chupa ya lita mbili, imejaa maji, kwa hiyo ni kilo mbili na kidogo. Naining'iniza kwenye ncha moja ya ndoana ya boksi. Nainyanyua polepole. Angalia tao la ndoana, usiangalie chupa. Inafunguka. Inafunguka... chupa imeanguka, samahani kwa majirani wa chini. Sasa utaniambia, lakini trauti wa mto wetu wengi hawafiki hata nusu kilo. Kweli. Ila samaki wa nusu kilo akigeuka upande na mkondo ukamsukuma, halafu wewe umekaza mshipi kwa hofu, hiyo siyo nusu kilo tena. Na mabwawa ya Timau yana samaki wa kukufundisha adabu.

Jaribio la tatu ndilo hasa. Hii ni pamba, na hili ni sweta kuukuu. Ndoana ya ncha tatu ina vijino vitatu, vile vidogo vya nyuma ya ncha vinavyozuia isichomoke. Naigusisha tu kwenye sweta. Sasa toa. Jaribu, kijana, wewe si ndiye mtaalamu? Anacheka kwa sababu anajua tunakoelekea.

Kwenye bwawa la mzee mmoja, huyu kijana alikuwa amesimama nyuma akipiga picha, mwenzetu akarusha bila kuangalia nyuma, na spina ikaingia kwenye mkono wa kijana, hapa, kwenye nyama ya chini ya kidole gumba. Ncha moja mkononi, ncha nyingine kwenye mkono wa sweta, ya tatu inatafuta mtu wa kumshika. Kila anayetaka kumsaidia anakaribia kunaswa yeye. Mzee mwenye bwawa alikuja na kisu, tukamwambia, baba, tafadhali, kisu kikae.

Tulichofanya nitawaonyesha kwa ganda la chungwa, maana mkono wa kijana haupatikani tena. Kwanza kata ndoana itoke kwenye spina, au ondoa pete inayoishikilia, ili mambo mengine yasining'inie. Zungushia kipande cha mshipi mnene kwenye tao la ndoana. Kisha kandamiza mguu wa ndoana, ile sehemu iliyonyooka, chini, uguse ngozi, hii hatua usiiruke, ndiyo inayokifungulia kijino njia. Halafu vuta kwa ghafla, sambamba na ngozi, kurudi ilikoingilia. Moja, mbili... umeona? Imeruka mpaka kule, na ndiyo maana watazamaji wote wakae upande mwingine na anayevuta avae miwani. Lakini ikiwa ni karibu na jicho, shingoni, au imezama kwenye kiungo, acha. Funga isitikisike, nenda hospitali. Na chanjo ya pepopunda ulizia hata kama imetoka vizuri. Kijana alichomwa, akalalamikia sindano kuliko ndoana.

Kuna chaneli nyingine, jamaa zetu tu, walisema ncha tatu ni lazima, eti ncha moja inapoteza samaki. Mimi naona tofauti. Ukivuta mshipi ukiwa umekaza, ncha moja kali inashika vizuri kwenye pembe ya mdomo, na inatoka kwa sekunde. Ncha tatu inamshona samaki midomo miwili pamoja, halafu unakaa naye nje ya maji unahangaika na koleo. Ukitaka kumrudisha mdogo akakue, umeshamuua. Na lowesha mikono kabla ya kumshika, ule utelezi wa ngozi yake ndio kinga yake.

Watu wa nguru, hapa ndipo la kwenu: nyinyi fuateni ya kwenu. Samaki mwenye meno yale na mbio zile ni hesabu nyingine, ncha tatu nzito bado ina kazi baharini. Ila jaribio la ukucha ni la wote.

Dawa ya boksi hili basi. Nunua ndoana za ncha moja zenye tundu lililo wazi. Toa ile ya ncha tatu kwa koleo la kukatia, ingiza mpya, bana tundu mpaka lifunge. Kisha bana kijino nacho kwa koleo, kilale. Tazama sasa kwenye sweta... inaingia, inatoka. Inaingia, inatoka. Naweza kukaa hapa mpaka jioni.

Saizi zinawachanganya wengi. Namba ya ndoana ikipanda, ndoana inapungua. Ya 14 ni ndogo kuliko ya 8. Ukishuka mpaka 1, zinageuka, zinakuwa 1/0, 2/0, na hapo zinakua tena. Namba za spina nazo zinakwenda kinyume: 0 ndogo, 1 kubwa kidogo, 2 kubwa zaidi. Kwa vijito mimi natumia spina 0 au 1, hiyo ya Kifaransa namba 1 ni gramu tatu na nusu, na ndoana ya 8. Kwa bwawa, spina 2 na ndoana ya 6. Na msisahau kiungo cha kuzunguka, swiveli, kama nusu mita juu ya spina, la sivyo mshipi wako utajisokota mpaka ulie.

Rangi? Humu kuna ya waridi yenye madoadoa ya kijani. Imetengenezwa kukamata wavuvi. Maji meupe na jua, chukua fedha. Maji ya kahawia, kama yanavyoshuka kutoka kwenye moorlandi, zile nyanda za juu zenye nyasi, za Aberdare, au yametibuka baada ya mvua, chukua ya dhahabu au ya shaba. Nyingine wape watoto.

Kabla hamjakimbilia mtoni: spina si ya kila mahali. Mito yetu mingi ya trauti ina desturi na masharti ya inzi bandia tu, yaani chambo chepesi kilichofungwa kwa mkono kuiga mdudu, kwa hiyo ulizia leseni na masharti unapoingia, iwe Gura, Chania au Thego. Na ndani ya hifadhi usiende bila askari. Sisi tulitokewa na nyati ng'ambo ya kijito, tukaacha fito, tukaacha chai, tukaacha na viatu vya mtu mmoja. Nyati hakuwa na haraka. Alikunywa maji, akatutazama juu ya mti, akaondoka wakati wake.

Na inzi bandia, jamani, hapo hatuna sababu ya kuagiza boksi kutoka mbali. Wakenya wanafunga inzi zinazouzwa Ulaya na Marekani, miaka na miaka, kwa mikono. Kuna hata inzi inaitwa Kenya Bug, nyeusi, haina maringo, na kwenye mabwawa ya mlimani inafanya kazi. Trauti mwenyewe ndiye mgeni: Ewart Grogan alileta mayai kutoka Loch Leven, Uskochi, mwaka 1905, wakawekwa mto Gura. Hao ni aina ya trauti wa kahawia. Aina nyingine, trauti wa upinde wa mvua, asili yake ni mito ya magharibi ya Marekani Kaskazini, na ndio utakaowakuta kwenye mashamba mengi leo.

Bei. Boksi nilipata kwa shilingi 1,500. Ukigawa kwa thelathini ni hamsini kila moja, unaona bure. Ngoja. Kubwa zote haziwafai trauti wetu, toa. Za waridi toa. Nimebaki na kumi na mbili ninazoweza kufunga bila aibu. Hapo ni 125 kila moja. Ndoana mpya ni 25 moja. Jumla 150. Bado ni nafuu mbele ya mia saba, na hapa mnaona hasira inapungua, hata mimi naiona. Kwa mtu anayevua kijito chenye magogo, anayepoteza spina kila akirusha, 150 haiumi. Kwa mtu atakayeifungua na kuitupa majini kama ilivyo, na mtoto amesimama nyuma yake, silishauri hata likiuzwa mia tatu.

Habari za chaneli: safari ya Naivasha imesogezwa mbele, kipaza sauti kimeingia maji, na hiki mnachosikia ni cha kuazima. Ile zawadi ipo. Spina sita kati ya hizi kumi na mbili, zote zimebadilishwa ndoana na vijino vimelazwa, nitampa mtazamaji mmoja. Wanaoomba niwatumie na zile ndoana nilizokata, jibu ni hapana, zinaenda kwenye kopo na kopo linaenda kwa mtu wa vyuma chakavu. Ili ushiriki, andika hapo chini unavua mto au bwawa gani na maji yake yana rangi gani mwezi huu, nikuchagulie bati.