Nyumba za serikali Dodoma: fundi wa kuajiriwa au mkandarasi?

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, suala la nani atengeneze nyumba za watumishi limekuwa zito zaidi. Kwa matengenezo madogo, mimi naunga mkono fundi wa kuajiriwa. Maji ya visima huku yana chumvi: koki hushika ukoko mweupe, mpira wa ndani unalika, na maji yanavuja usiku kucha. Fundi aliye karibu anaubadilisha siku hiyohiyo, tena anajua nyumba ipi mabomba yamechoka. Mkandarasi husubiri zabuni na mkataba huku mpangaji akikinga ndoo.

Ila paa likiezuliwa, au nyufa zikifika kwenye msingi, aitwe mkandarasi. Ana vifaa, na kipindi cha matazamio, yaani muda wa uangalizi baada ya kazi kukamilika, humbana kurekebisha kasoro kwa gharama zake.