Jaguar E-Type au Honda NSX: kama unanunua moja tu, chukua ipi

Hizi gari zimepishana karibu miaka 30, Jaguar E-Type ya Uingereza ilizinduliwa Geneva Machi 1961 na Honda NSX ya Japani ikaanza kuuzwa 1990, ila mtu akitafuta gari ya spoti ya kutunza mara nyingi anajikuta anazipima hizo hizo mbili. Mi nazipanga hivi: ya kwanza NSX za mwanzo za lita 3.0 zenye gia za mkono, ya pili E-Type Series 1 (toleo la kwanza) ya lita 4.2, ya tatu NSX ya lita 3.2, mwisho E-Type Series 2 (toleo lililofuata). Na hapa naongea na mtu anayetaka kuendesha, sio kufunika turubai.

Kwanini NSX juu? Bodi nzima ni aluminiamu, ndo gari ya kwanza kutengenezwa kwa wingi na bodi ya hivyo, kwa hiyo ile hofu ya kutu kula chini kwa chini haipo kabisa. Injini ni V6 ya VTEC (mfumo wa Honda unaobadilisha ufunguaji wa valvu) imekaa nyuma ya siti, konrodi za titaniamu, hospawa kama 270, na bado inawaka na kutulia kama Honda yoyote. Ayrton Senna, dereva wa Formula 1, aliijaribu kwenye uwanja wa mbio wa Suzuka, Japani, ikiwa bado inaundwa, akasema bodi inalegea, wakaikaza. Gordon Murray, mbunifu wa magari, naye aliifanya kipimo chake alipokuwa anabuni gari ya barabarani ya McLaren F1, na huyo sio mtu wa kusifia ovyo.

Ila kagua haswa. Aluminiamu iliyogongwa ikanyooshwa na fundi wa mabati wa kawaida ni hasara tupu, angalia nafasi za milango na boneti ziwe sawa pande zote, omba na vipimo vya alaimenti. Gia boksi za gia 5 za mwanzoni, baadhi zilitoka na ringi ya kushikilia bearing ambayo inaweza kupasuka ndani na kuharibu kila kitu, namba za gia boksi zinazohusika zinajulikana, linganisha kabla hujalipa. Risiti za taimingi belti na wota pampu ziwepo. Tairi za nyuma kuisha haraka ni kawaida yake, usishtuke. Ya auto iache, ina nguvu kidogo na wanaoitafuta ni wachache.

E-Type sasa. Kwa uzuri hakuna mjadala, Malcolm Sayer alitoka kwenye kazi ya kuunda ndege akaichora kwa hesabu za hewa na mpaka leo hakuna gari inayonisimamisha barabarani kama hii. Chukua 4.2 iliyoanza 1964 kwa sababu gia boksi ina sinkronaiza (kifaa kinachofanya gia iingie bila kukwaruza) mpaka gia ya kwanza, 3.8 haina hiyo, alafu siti na breki zimeboreshwa. 3.8 za mwanzo kabisa zenye sakafu bapa wakusanyaji wanazigombania lakini ukiwa mrefu miguu haina pa kwenda.

Adui ni kutu. Sili za pembeni, yaani vyuma vya chini ya milango, ndo zinabeba gari, zikioza gari imeoza hata rangi iwe inang'aa vipi, pita na sumaku (isiposhika ujue kuna puti chini ya rangi), ingia chini na tochi, kagua mabomba ya fremu ya mbele kama yana nyufa. Breki za nyuma ziko ndani karibu na difu, sio kwenye magurudumu, kwa hiyo kuzitengeneza ni kazi ngumu. Kinachofariji ni spea, zinatengenezwa mpaka leo hata boneti nzima. Namba za injini na chesisi zilingane na cheti cha Jaguar Heritage.

NSX ya 3.2 ilianza 1997 ikiwa na gia 6, ni kali zaidi ila adimu. Series 2 haina vioo vya kufunika taa, na za Marekani zilipewa kabureta mbili badala ya tatu, nguvu ikashuka.

Ukikuta 4.2 yenye sili kavu na namba zinazolingana, na NSX zilizopo sokoni zote zimewahi kugongwa, usisite kugeuza mpangilio wangu.