Kabati la jikoni Mombasa: bodi ipi ununue, ipi uiache dukani

Kwetu Mombasa bodi hailowi kwa bomba linalovuja tu. Hewa ina unyevu mwaka mzima, na mvua za Aprili na Mei zikishika, hata nguo hazikauki. Bodi hizi zote ni mti uliounganishwa kwa gundi, na nyuzi za mti hunywa maji zikavimba. Kwa hiyo uliza gundi kabla ya kuuliza bei.

Ya kwanza, bila shaka, ni plaiwudi ya marini, yaani iliyotengenezwa kuhimili maji, ya milimita 18. Tabaka zake zimepishana, moja kwa urefu, inayofuata kwa upana, ndiyo maana haipindi ovyo na skrubu hushika. Gundi yake, mara nyingi ya fenoli, huhimili hata maji yanayochemka. Itazame ubavuni: ukiona matundu kati ya tabaka, iache, hata kama ina muhuri. Mistari ya gundi yenye kahawia iliyokolea ni dalili njema, lakini usiridhike nayo. Omba kipande, kichemshe kwenye sufuria saa kadhaa, kisha jaribu kubandua tabaka kwa kisu. Zikiachana kirahisi, hiyo si marini. Pesa zikibana, inunue ya kabati la sinki tu.

Ya pili, kwa kabati za juu, mbali na maji, ni blokubodi (vipande vya mbao vilivyobanwa kati ya tabaka nyembamba) au plaiwudi ya kawaida: inatosha, mradi ipakwe rangi pande zote.

Ya tatu ni MDF ya kijani, bodi ya nyuzi laini za mti zilizoshindiliwa kwa gundi. Ukijani ni rangi tu ya kuitambulisha. Kinga yake ni gundi yenye melamini. Inafaa kwa milango, maana hupokea rangi vizuri mno, ila ni nzito, kwa hiyo usibanie bawaba. Kingo zilizokatwa ndizo zinazonywa maji zaidi: zipigwe praima, rangi ya kwanza ya msingi, mara mbili.

Ya mwisho ni chipubodi, ya vipande vidogo vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi. Uso wake mweupe unavutia, lakini maji huingia kwenye kingo na matundu ya bawaba, na ikishavimba hairudi hata ikikauka. Chini ya sinki isikanyage kabisa.

Bodi yoyote utakayochagua, mwambie fundi atumie skrubu zisizoshika kutu, na ainue kabati kwa miguu ya plastiki, kwa sababu sisi hupiga deki kila siku na bodi inayogusa sakafu huanza kuoza chini.